Kilomita Mbili na Nusu Bila Kukaa

Bi Sindano alikisoma kibao cha getini, akakunja uso. Kiliandikwa "Njia Rahisi", na chini yake palichorwa mzee aliyeinamia mkongojo.

"Huyu ndiye nani?" aliuliza.

"Picha tu hiyo, mama," mwanawe alijibu.

"Picha ya nani?"

Mkwewe, mwalimu wa darasa la tatu aliyezoea maswali ya namna hiyo, aligeukia pembeni akachekea ndani ya mtandio. Wakaingia msituni bila swali lile kujibiwa.

Safari yenyewe haikuwa ya kunyoosha miguu tu. Wakati wa mvua zilizopita Bi Sindano aliteleza kwenye ngazi za jengo analoishi, akaumia goti. Goti lilipona, mwanawe hakupona. Tangu siku ile akawa hana wimbo mwingine: mama ahame ghorofa ya tatu, aje akae kwake kwenye chumba cha chini, chenye kitanda kipya na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Bi Sindano alikwenda kukiona chumba hicho, akaisifia rangi, akarudi zake kwenye cherehani yake iliyokaa dirishani miaka thelathini. Wateja walimwita kutoka barabarani, naye akawateremshia nguo zao kwa kikapu na kamba. Aliyapenda maisha yale, na hakuona aibu kusema kwamba anayapenda.

Wakabishana miezi miwili. Mwisho wakawekeana sharti: Bi Sindano aizunguke Njia Rahisi yote, kilomita mbili na nusu, bila kukaa kitako. Akimaliza, anabaki kwake na mdomo wa mtoto unafungwa. Akikaa hata mara moja, anahama. Mkwe akafanywa mwamuzi. Mume alimwamini kwa kuwa ni mkewe; mama mkwe alimwamini kwa kuwa hajawahi kumsikia akimteta mtu.

"Benchi hilo, mama," mwanawe alisema, hata hawajafika mbali.

"Nimeliona. Lisalimie."

Hewa ya msituni ilikuwa na ubaridi mzuri, na njia ilikuwa laini kwa majani makavu. Bi Sindano alitembea mwendo wake mwenyewe, mdogo mdogo. Mwenda pole hajikwai. Mara asimame kulitazama gome la mti lililochanika kwa mistari iliyonyooka, akasema hata yeye hawezi kukata kitambaa vile. Mara aokote jani, alipindue, alitie kwenye mkoba. Goti lilimuuma kidogo, maumivu ya kuzoeleka, akalinyamazia.

Aliyekuwa taabani ni mwanawe. Kazi yake ilikuwa bima. Kutwa alikaa mezani akisoma habari za watu walioanguka, walioungua na waliogongwa, na mtu anayekula mkate wa namna hiyo huwa hakai kwenye kiti mpaka akitikise kwanza. Tumbo lilikuwa limemtangulia, jasho likimfuata.

"Mama, angalia mzizi huo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu hapa ni nani?"

Mkwe akacheka waziwazi safari hii, na mume naye, pamoja na kuhema kwake, akacheka.

Msitu ukaisha, kinamasi kikaanza. Njia ikapanda juu ya daraja refu la mbao lililopita katikati ya matete, na maji chini yake yalikuwa meusi na matulivu, yamefunikwa na majani mapana ya yungiyungi. Vyura walipiga kelele kama wameitwa kikaoni. Bi Sindano alihesabu kimoyomoyo: imebaki nusu kilomita, pengine pungufu. Furaha ikamjaa hadi akajikuta anaimba puani.

Mwisho wa daraja palikuwa na kibanda cha kutazamia ndege. Fundi wake aliwafikiria waliochoka: aliweka benchi refu, na ukutani akakata tundu refu, jembamba, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Mwana alijitupa kwenye benchi kama gunia. Mkwe akakaa kando yake, akachungulia.

"Mama!" alinong'ona. "Kuna ndege ana miguu kumi!"

"Umesahau miwani nyumbani."

"Wallahi kumi! Nimehesabu."

Mwana naye akasogeza uso tunduni. "Kweli, mama. Kumi!"

Bi Sindano alijaribu kuinama, goti likakataa katakata. Akajaribu kuchungulia akiwa amesimama, akaona mbao. Wale wawili walikuwa wakicheka kwa sauti ya chini, vichwa vimegusana, na wivu ukamshika kama mtoto aliyenyimwa. Amekuja mpaka hapa, na ndege wa miguu kumi yuko hatua chache tu nyuma ya ukuta. Akasimama, akasimama, kisha akakaa.

Alikuwa ndege wa rangi ya kahawia, akitembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole virefu ajabu. Chini ya mbawa zake ilining'inia miguu mingine minane, myembamba kama uzi. Ubao mdogo chini ya tundu ulieleza kwamba huyo ni sile-maua, na kwamba dume ndiye hubeba vifaranga kwapani. Bi Sindano alitazama bila kupepesa. Ndege akasimama, akafungua mbawa, vifaranga vinne vikadondoka juu ya jani na kutawanyika kila kimoja na njia yake.

"Aa, jamani!" alisema, na sauti ikamtoka na machozi kidogo.

Hapo ndipo alipokumbuka alipo. Wale wawili walikuwa bado na nyuso zao tunduni. Angeweza kuinuka polepole, na hakuna ambaye angejua. Lakini ahadi ni deni.

"Nimekaa," alisema.

"Mimi mwamuzi sijaona," mkwe alijibu, macho yake kwenye maji.

"Nakwambia nimekaa, na mpaka sasa nimekaa!"

"Na mimi bado sijageuka, mama."

Mwanawe ndiye aliyegeuka. Alimtazama mama yake alivyokaa, mkoba wa majani mapajani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Mama, mimi naogopa," alisema. "Nikipiga simu usipopokea, nakuona uko chini ya zile ngazi."

"Najua, mwanangu," Bi Sindano alijibu. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Hata mimi naziogopa. Kila asubuhi nazishuka nikiziogopa, na nikifika chini nafurahi siku nzima."

Mwanawe akamgeuzia mgongo, akaurudisha uso wake tunduni.

"Inuka basi, mama," alisema. "Na mimi sijaona kitu."

Benchi halikuwa na mahali pa kushika. Bi Sindano aliweka mkono kwenye bega la mwanawe, akaliegemea kwa uzito wake wote, na bega lile halikutikisika mpaka aliposimama sawasawa, wala mwanawe hakugeuka.