Dakika za Wasichana

Saa kumi kamili kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu alitazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, kisha ile ndogo ya jikoni ya kupimia muda wa kuchemsha mayai. Zote zilikubaliana. Akapuliza filimbi. Wasichana wakazunguka uwanja, wakapigiana pasi, na walipoanza kulenga kikapu, saa zote tatu zikasema saa kumi na moja kamili. Wavulana walikuwa mlangoni na mipira yao.

Nahodha alikuwa akihesabu kwa mdomo, moja mpaka sitini, tena na tena.

"Dakika kumi na moja, kocha."

Kocha akaandika kwenye daftari. Wiki iliyopita zilikuwa kumi na nne. Alipoajiriwa na chuo, miaka kumi na tisa nyuma, saa ya wasichana ilikuwa na dakika sitini kama saa ya mtu yeyote.

Hapa kuna mkono wa mtu, alijisemea. Akakaa kwenye benchi akawahesabia wavulana mpaka midomo ikamkauka. Walifanya mazoezi, wakapumzika, wakabishana, wakaanza upya, na jua dirishani halikusogea. Dakika mia moja na tisa.

"Dada, mbona unanihesabia?" akauliza kocha wao. "Mimi nikipewa, nakaa."

Kocha wa wasichana akamgeukia mtunza ukumbi, aliyeitwa Mzee Funguo. Alimtaka akung'ute mifuko. Mzee akakung'uta: funguo, miwani, leso.

"Mwanangu, mimi nafungua na kufunga. Dakika zinapita hapa mlangoni, kweli, nazisikia miguuni. Lakini haziniagi."

Kocha hakumwamini hata chembe. Alilipeleka daftari kwa mkuu wa chuo, ambaye alilipokea, akasema atalisoma, na akamkumbusha kwamba wasichana wasipoleta kombe mwaka huu timu itavunjwa. Hilo lilimchoma roho kuliko dakika zenyewe. Alikuwa na wasichana kumi na wawili, na wengine hawakuwa na kitu kingine chuoni walichokipenda.

Basi wakabana matumizi. Walinyoosha viungo darasani, wakafunga kamba za viatu kwenye ngazi, na kocha akawagombeza mapema, asubuhi, kwenye korido, ili ukumbini asipoteze neno.

Fainali ilichezwa kwenye ukumbi wa watu wengine, ambako dakika zilikuwa nzima. Wasichana hawakujua wazifanyie nini. Walifunga, wakarudi nyuma, wakawasubiri wapinzani kwa adabu. Sabini na moja kwa thelathini na nane.

Mkuu wa chuo aliwakusanya wote. Alikuwa amelisoma daftari, tena lote.

"Kwa dakika kumi na moja!" alisema, akiliinua. "Sasa niambieni, zile nyingine zilikuwa za nini?"

Watu wakapiga makofi. Kocha aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hata mtu mmoja aliyekunja uso. Mzee Funguo peke yake alikuwa akitazama viatu vyake, na hilo nalo kocha alilitilia shaka.

Kombe likawekwa kwenye kabati la kioo, daftari pembeni yake, lisomwe na wageni. Ufunguo wa kabati akapewa Mzee Funguo.

Jumatatu, saa kumi kamili, filimbi ikalia. Nahodha alihesabu, na wavulana wakafika mlangoni.

"Sita, kocha."

Kocha alitafuta karatasi, akaikosa, akaandika kiganjani.