Bosi Aliyepitika

Jumatatu asubuhi, kabla chai haijapoa, fundi wa kompyuta aliwasha programu yake mpya. Kampuni yao ilitunza mafaili ya wagonjwa wa zahanati kadhaa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi za mbali, na kila mfanyakazi aliyafungua kwa ufunguo wake: mlolongo wa herufi na tarakimu usiokaririka. Sasa programu ingewabadilishia funguo kila mwezi, yenyewe, bila kumbembeleza mtu. Fundi alifurahi sana, maana faili lake la ujauzito lilikuwa humo, na habari hiyo alitaka mama yake aisikie kutoka kwake mwenyewe, Jumapili, wakiwa wawili tu.

"Wangu usiguswe," bosi alisema. "Nimeuzoea. Uko kwenye simu yangu, uko kwenye ile ya zamani niliyompa shemeji, kila mahali."

"Bosi, hivyo yeyote anaweza kuingia."

"Aingie kwangu? Thubutu."

Jumanne mama chai alipita katikati ya bosi na sinia lake. Aliingilia tumboni, akapita katikati ya mafaili yote, akatokea mgongoni, na chai haikumwagika. Bosi aliendelea kuongea na simu.

"Hongera, dada," mama chai alimwambia fundi. "Yako nimeiweka nyepesi, kwa ajili ya mtoto."

Mhasibu naye alipewa pole ya vidonda vya tumbo. Kufikia Alhamisi watu wote walikatiza kwa bosi wakienda stoo, kwa kuwa kuzunguka kulichosha. Mlinzi alimwekea zulia dogo mbele na jingine nyuma, watu wafute miguu.

Ijumaa mama yake fundi alileta mwavuli uliosahauliwa nyumbani. Mlinzi alimwelekeza njia ya mkato.

"Hodi," mama alisema mbele ya kifua cha bosi.

"Karibu, mama."

Alitokea upande wa pili akifuta machozi na kutabasamu. Fundi alipomwona, alielewa kwamba ameshajua.

"Mama, nilitaka nikuambie mwenyewe."

"Basi niambie. Mimi sijui kitu." Mama alikaa, akakunja mikono.

"Nina mimba."

"Alaa," mama alisema, akaangalia pembeni. "Ya mmoja?"

Zahanati ilikuwa imeingiza majibu ya picha ya mimba asubuhi ile, na fundi mwenyewe hakuwa ameyasoma. Fundi alicheka mpaka akashika meza, kisha akaenda kumwomba bosi tena, safari hii kwa niaba ya watu watatu.

Bosi alisema ufunguo usiguswe. Zulia la nyuma ndilo libadilishwe, limechakaa.