Kanga Mpakani mwa Msitu

Jumatatu asubuhi Shamsia alianika kanga tatu nyuma ya nyumba yake huko Vihingo, akaenda kuchota maji. Aliporudi, nyuki wa porini walikuwa wametua kwenye maua yaliyochapwa, wanakula. Waliposhiba walirudi msituni, na pale palipokuwa na maua kitambaa kilibaki cheupe.

Shamsia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kijiji kinachowatunza nyuki wa hifadhi ya msitu ule, kwa hiyo alijua kilichowaleta. Miti ya mininga iliyokuwa ikiwapa maua ilikwisha kuwa mkaa, kwa kibali halali. Nyuki wakihama, mikorosho ya Vihingo ingechanua bure kama mwaka jana.

Aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Wanawake walikubaliana haraka kuwatundikia nyuki kanga zao, ubishi ukawa kwenye kanga za kutokea tu. Kufikia Ijumaa kamba zilikuwa zimefungwa mpakani mwa msitu, zimejaa kanga. Nyuki walitoka kwa makundi, wale wadogo wasiouma wakitangulia, wakajaa kwenye waridi na alizeti. Mvumo wao ulitikisa sufuria majikoni. Wanaume wawili walivua kofia. Ilikuwa inapendeza, asikuambie mtu.

“Wanapenda nyekundu,” alisema Bi Tatu, shangazi yake Shamsia. “Za bluu hawazigusi mpaka njaa iwabane.”

Baada ya wiki tatu kanga zote zilikuwa nyeupe, na mikorosho ndiyo kwanza inachanua. Ilibaki doti moja, nyekundu, ya marehemu mama yake Shamsia. Ilikaa sandukuni miaka sita bila kufuliwa, ili harufu yake isipotee.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umekuja kuniuliza, au umeshaamua?”

“Nimeshaamua. Nataka unisindikize tu.”

Waliitundika pamoja. Shamsia alilia kwa sauti, na nyuki wakala taratibu, pindo wakaliacha la mwisho. Harufu ya mama yake iliondoka nao mpaka mashambani. Kwa siku nne kila aliyepita chini ya mikorosho aliisikia, akamtaja marehemu kwa jina na kumwombea. Mwaka huo mikorosho ilizaa mpaka matawi yakainama.

Msimu ulipokwisha alikuja Telesphory, afisa wa vibali, kwa pikipiki. Alipita kando ya kamba, akapapasa vitambaa vyeupe, akawapongeza kwa moyo mmoja. Kisha akaandika kwenye fomu kwamba nyuki wa hifadhi wamepatiwa chakula mbadala na wananchi, hivyo ukataji wa miti unaweza kuendelea. Alimpa Shamsia kalamu, athibitishe habari za nyuki.

Habari za nyuki zilikuwa kweli tupu.

“Sisaini,” alisema Shamsia.

“Si lazima, mama,” Telesphory alijibu kwa upole, akagonga mhuri.

Malori yaliingia msituni Jumatano. Jioni yake wanawake walianza kuulizana nani ana mapazia yenye maua.