Jina Lililojirudia

Jumamosi ile nilipanda nyumbani na kichwa kikubwa, niseme ukweli. Msimamizi wangu wa chuo alikuwa amesoma sura ya nne ya tasnifu yangu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: safi sana. Yule mama hajawahi kumwandikia mtu hata "sawa". Nikanunua mkate na sukari pale Himo, nikapanda mlima nikijiona daktari kabisa.

Utafiti wangu ni wa kutafuta kasoro katika programu za kompyuta. Nimeunda programu inayosoma programu nyingine, inaona penye kosa, kisha inarekebisha yenyewe bila kumsumbua mtu. Kwa majaribio nilichukua programu ambayo kijiji chetu kinagawia zamu za maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Kila baada ya siku tisa mwenye zamu anapata ujumbe wa simu: kesho asubuhi maji ni yako. Bila ujumbe hufungui, utaonekana mwizi. Programu yangu ilikuta majina yaliyojirudia kwenye orodha. Ikafuta la zamani, ikabakiza jipya. Majina kumi na mawili, nami nikayapanga kwenye jedwali na kuandika juu yake: yamerekebishwa.

Nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba, goti limefungwa kitambaa, anamwagilia kitalu cha kahawa kwa kikombe. Bibi Hilaria ndiye aliyenilea, na mimi ni Hilaria kwa sababu yake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nikasema shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Miche sitini aliyoiotesha kwa mkono wake ilikuwa imekauka karibu yote.

Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza polepole kwamba wiki ya tano sasa hajapata zamu, na sababu anaijua. Novemba watu walipokwenda kuchimbua mfongo yeye hakwenda, goti lilimkatalia, wala hakutuma mtu. Hakutaka kuuliza, maana mtu anaulizaje kosa lake mwenyewe? Hata kanisani alihamia benchi la nyuma, asikutane macho na Mzee Gidioni, mwenyekiti wa mfongo.

Akakata jani la isale kwenye ua wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akalifunga fundo. "Mpelekee Gidioni," akasema. "Mwambie Hilaria amekosa, anaomba apokelewe."

Isale ya msamaha haikataliwi, hata mtoto wa mlimani anajua hilo. Nikalichukua nikatoka, na njiani nikafungua simu kutafuta jina la Bibi kwenye orodha, nione nani kamwondoa. Hilaria Mosha alikuwepo. Shamba ni lake. Namba ya simu ilikuwa yangu.

Desemba, wakati wa majaribio, nilijiandikisha mwenyewe kwenye shamba la Bibi nione kama ujumbe unafika, kisha nikasahau kujitoa. Programu yangu ilipokuta Hilaria Mosha wawili, ilimfuta mkubwa. Zile jumbe nne za maji zilinifikia mimi, chumbani kwangu mjini, Njoro. Nilizifuta nikidhani ni za majaribio. Moja niliicheka kabisa, nikamwonyesha mwenzangu: ona, nimepewa maji.

Aibu ilinishika. Mimi, ninayetembea na jina la mtu mwingine tangu ubatizo, ndiye niliyeifundisha mashine kwamba jina likijirudia ni kosa.

Na bado niliendelea kutembea kwenda kwa Mzee Gidioni. Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: atapokea isale, nitarudisha namba ya Bibi kimyakimya, maji yatakuja, na jedwali langu litabaki safi. Nikapiga hodi. Mzee akatoka, nikamwamkia, akaniuliza goti la Bibi linaendeleaje. Akasema walimsamehe kuchimba tangu Novemba, walishangaa tu kwamba hafungui maji, wakadhani kilimo kimemshinda.

Nililificha jani nyuma ya mgongo. Nikasema nimekuja kumsalimu tu, nikarudi.

Nilimpigia Bibi magoti kwenye udongo mkavu wa kitalu, nikamnyooshea isale yake kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, hata ule ujumbe nilioucheka, hata mlango niliougonga.

"Kwa hiyo maji yangu yalikuwa kwenye simu yako," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nakaa nyuma kanisani."

Nililia nikijua kwamba machozi yenyewe ni ya kujihurumia, na hilo nalo likaniaibisha. Bibi akalipokea jani, akalichomeka kwenye kilemba chake. Nikaanza kupumua.

"Waliofutwa tuko wangapi?" akauliza.

"Kumi na wawili, Bibi, pamoja na wewe."

Akainuka kwa kushikilia bega langu, akanielekeza kwenye ua wa isale kwa fimbo yake.

"Basi chuma majani mengine kumi na moja. Tutaanza na Elisifa, yule mjane wa shamba la chini. Tangu mwezi uliopita tunakaa naye benchi moja."