Neno ZANGU Halina pa Kukaa

…maana nilikuwepo mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, Mreno alipochoma kijiji chetu kule Mueda niliona kwa macho haya, Ruvuma nikauvuka kwa mtumbwi, mamba wananikodolea macho kama mashemeji, na nyuma yangu ukingoni mama ananipungia kanga, sasa mtu aliyepita hayo leo ashindwe na ukuta wa ofisi ya kijiji?... niko juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi nyekundu kwenye kandambili zangu, na chini Mwenyekiti Alois ameshika kiuno, "Ndugu msanii, nani huanza na jina lake? Unaandika msalaba wa kaburi?", wanakijiji wanacheka, chekeni, ni kweli nilianza na jina, kulia kabisa, NANDONDE, herufi nene za kujidai, kisha ndiyo nikaenda kushoto, BINADAMU WOTE NI NDUGU, na sasa neno ZANGU halina pa kukaa, "Futa hilo jina uandike ZANGU, wageni wa wilayani wako njiani," nifute, mimi, mchoraji ambaye kutoka Matombo mpaka Dakawa hana mwenzake, Ulaya sijui, sijafika… na ile ngonjera ya Saba Saba niliitunga mimi, beti zote, watoto wakaighani pale Bigwa mpaka padri akafuta machozi, kisha kipaza sauti kikasema imetungwa na wananchi, wananchi gani hao, walikuwa wapi nilipokuwa natafuta vina, ndiyo maana safari hii nikasema jina kwanza, maneno baadaye… "Kazi ya ujamaa haina mwenyewe, bwana," mbona migomba ina wenyewe, niliomba kipande wakaniambia ardhi ya ukoo hii, mgeni apande mchicha tu, kwenye mkutano ndugu, shambani mgeni… "Baba Agnes we!" huyo mke wangu, Bernadeta, "futa ushuke, ugali unapoa, jina lenyewe nani analijua?" kweli, nani, hata Agnes niliyemzaa mwenyewe halibebi, huku Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mimi nimeazimwa tu, jina hili likitoka ukutani limetoka duniani… ngoja, hapo kati, baada ya NDUGU, pana nafasi ya herufi mbili, Z na A, ndugu ZA NANDONDE, binadamu wote, Alois na kiuno chake, hata Mreno na kiberiti chake, ha! "Unacheka nini huko juu?" sicheki, Mwenyekiti, brashi bado iko hewani, rangi bado inadondoka, nitaandika ZA, wakitaka wafute wao kwa mikono yao, mimi sifuti, maana siku ile mtoni… moto ulikuwepo, mamba walikuwepo, naapa, ila kanga ile niliitunga mimi, ukingoni hapakuwa na mtu.