Shingo ya Tausi

Majirani walimwita Mama Sindano kwa sababu hakuonekana bila sindano; kama haiko mkononi, basi imechomekwa kwenye ukingo wa kitambaa chake cha kichwa. Kudarizi shuka ndiyo ilikuwa kazi yake tangu usichana. Maua walidarizi wengi, lakini bibi harusi aliyetaka kujivuna alitaka tausi wa Mama Sindano, mkia umetandazwa kitanda kizima.

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani bado walimwita Kitinda ingawa mvi zilikwisha kumbishia hodi, alisomea sanaa. Kushona kulimshinda utotoni. Alijichoma, akalia, mama akamwambia, "Basi mwanangu, wewe chora." Akachora. Baadaye akaacha hata kuchora, akaanza kutengeneza vitu ambavyo kaka yake alishindwa kuwaeleza wenzake kazini: matairi yaliyofungwa bendeji kama majeruhi, ukuta wa sufuria zilizotobolewa. Wakubwa wa sanaa wakamsifu. "Mimi simwelewi," mama alikuwa akisema, "mradi wenzake wanamwelewa."

Siku moja Kitinda alikuja kuomba shuka za zamani. Mama akamchagulia zilizo nzima, hakuuliza za nini.

"Chukua na hii ya tausi. Nilikuwekea ukiolewa, lakini wewe na ndoa naona mmekosana. Itandike tu, usilale kwenye godoro tupu kama mfungwa."

Kitinda akacheka, akashukuru. Hakusema shuka zinakwenda wapi.

Alizikata kwa mkasi mkubwa, akazichovya katika oili chafu ya gari, akaziunguza pembeni kwa pasi, kisha akaziunganisha zikawa pazia moja linaloshuka kutoka darini hadi sakafuni. Tausi alimwacha mwisho. Alimkata shingo, akaacha kichwa kining'inie kwa nyuzi chache. Aliporudi nyuma kutazama, alipendezwa. Ilikuwa kazi nzuri. Hilo hata baadaye hakuweza kulikana. Ukutani, karibu na pazia, yakabandikwa maneno aliyoyaandika mwenyewe: kazi hii inawaheshimu wanawake waliodarizi maisha yao yote bila kutajwa.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho hakumwalika mama. "Kutakuwa na msongamano, miguu yako itavimba. Nitakupeleka siku iliyotulia." Lakini kaka mtu alisikia habari redioni. Akampakia mama kwenye gari, akamshusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha.

Wakati huo Kitinda alikuwa amezungukwa na wageni, pamoja na mkurugenzi wa jumba la maonyesho, akiwaeleza habari ya mapokeo.

"Hatuwezi kuyatunza kama vyombo vya kabatini," alikuwa akisema. "Lazima tuyaguse, tuyajeruhi, tuone kama bado yana damu."

Ndipo akamwona mama upande wa pili wa chumba, amevaa gauni lake la kuendea harusini, mkoba kwapani, amesimama mbele ya tausi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mtoto mgonjwa akipumua. Kisha akachomoa sindano yenye uzi, akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akaanza kukirudisha shingoni.

"We mama! Haiguswi hiyo!" Mlinzi alikuja mbio. "Hujaona kamba?"

"Samahani baba, imekatika. Naishikiza tu."

"Haijakatika, ndivyo ilivyo. Sogea huku. Umekuja na nani?"

Chumba kizima kiligeuka. Mama naye akageuka, macho yake yakapita watu wote yakatua kwa binti yake.

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Kila mtu anaingia siku hizi. Unamfahamu?"

Lilikuwa swali jepesi kabisa. Kitinda aliiona oili kwenye vidole vya mama, akawaona wageni wanamsubiri.

"Hapana," alisema. "Twendeni huku."

Mlinzi akamshika mama mkono, si kwa ukali, akamtoa nje. Kitinda aliendelea kuongea hadi wageni walipompigia makofi. Katika picha za siku ile anatabasamu.

Jioni alikwenda nyumbani. Kaka alimfungulia mlango bila salamu. "Yuko jikoni."

Mama alikuwa akisugua vidole kwa limau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, leo..."

"Nisamehe, mwanangu. Nimekwenda kukutia aibu kwa wenzako. Mkono ulinitangulia. Bahati nzuri ulikuwa mbali, hukuniona."

Kitinda alijua anapewa njia ya kutokea. Angeipita tu, na hakuna ambaye angemuuliza tena.

"Nilikuona," alisema. "Waliniuliza kama nakufahamu. Nikasema hapana."

Mama aliendelea kusugua kidole kilichokwisha takata.

"Kwa ajili ya gauni?"

"Si gauni. Nilikuwa nawasifia kazi ya mikono yako, na wewe mwenyewe ulikuwa hujui nilivyozifanya shuka zako. Niliogopa watagundua."

Mama akavuta stuli, akakaa. "Mimi nilidhani ni gauni," alisema. "Njia nzima nimelilaumu gauni."

Kitinda akaangua kilio. Mama hakumbembeleza. "Lia," alimwambia, "ila usinililie mimi. Leo nimechoka."

Wiki iliyofuata walirudi kule wote watatu. Mama aligoma kwanza, hataki kufukuzwa mara mbili, mpaka kaka alipoahidi kutobanduka ubavuni pake. Mlangoni Kitinda alimwambia mlinzi, "Huyu ni mama yangu. Tausi ni wake." Mlinzi akababaika, akaomba radhi.

"Wewe ulikuwa kazini, baba," mama alimjibu. "Wewe huna kosa."

Kitinda akatazama sakafu. Akamwendea mkurugenzi, akamwambia kwamba siku ile alimdanganya. Mkurugenzi akakohoa, kisha uso ukamchangamka. "Kumbe! Hii inaipa kazi uzito zaidi! Tumpige mama picha hapo mbele." Mama akakataa.

Alivaa miwani, akasoma maneno ya ukutani taratibu hadi mwisho.

"Bila kutajwa," alirudia. "Na wewe, umenitaja?"

Karatasi ilibadilishwa siku hiyohiyo, na jina kamili la mama likatangulia lake.

"Nilishushe pazia, mama?"

"Ya nini? Oili haitoki." Mama alilitazama pazia kwa muda mrefu. "Linatisha. Atakayeingia humu hatalisahau. Lakini mimi nilitaka watu walale juu yake."

Walipofika kwenye ngazi za kutokea, Kitinda alimnyooshea mkono amsaidie kushuka. Mama aliutazama, akamshika kaka.