Kofia Ngumu ya Kiwiko cha Abeli

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Devota alikuwa amesimama sebuleni kwake Nkuhungu, ameshika koti zito la mumewe. Abeli alilivaa koti lake kinyumenyume, mgongo mbele, ili upepo usimpige kifuani, na vifungo vikiwa nyuma hakuweza kuvifunga mwenyewe. Kila asubuhi mkewe alimvika kama anavyovikwa mtoto. Asubuhi hiyo aliponyoosha mkono wa kushoto, Devota aliona kwamba kiwiko kimeota masikio. Yalikuwa mawili, madogo, kila moja upande wake.

"Abeli, una masikio kiwikoni."

"Tangu jana mchana," Abeli alisema. "Fanya haraka, Devo, kijiweni wananisubiri."

Devota alikuwa fundi cherehani, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mkono wa koti utayabana. Alichukua mkasi, akafumua mshono, akaongeza nafasi kidogo kama afanyavyo kwa sare za watoto wanaokua. Kisha akafunga vifungo, akampa chai, na Abeli akaenda kazini.

Sababu ya masikio yale haikuhitaji kutafutwa kwa tochi. Abeli alikuwa katika mwaka wa saba wa kuendesha bodaboda, na kwa miaka yote hiyo kofia yake ngumu ilikaa kwenye kiwiko cha kushoto. Kichwani, alisema, inachemsha ubongo, inaziba masikio usimsikie abiria anayekuita kutoka ng'ambo, na inamfanya mtu aonekane kama anakwenda kuzima moto. Kwa hiyo alipitisha mkono kwenye uwazi wake, akaivuta hadi kiwikoni, akabana mkanda, na hapo ikakaa, iwe jua, iwe vumbi, iwe ule upepo wa Dodoma usio na adabu. Kijiwe kizima kilifanya hivyo, ila wenzake walipumzika Jumapili na Abeli alikuwa mchapakazi. Kiwiko kilichotunzwa namna ile, kikafunikwa na kufungiwa mkanda kila siku ya Mungu, hakikuwa na namna ila kuamini kwamba chenyewe ndicho kichwa.

Jumatano kiliota nyusi. Ijumaa macho yalifunguka, na Jumapili kikapata mdomo. Neno lake la kwanza lilikuwa "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo aliyosalimiwa jirani yao Mama Dorothea wakati akipita na ndoo. Aliitikia, akatua ndoo, akamwambia Abeli kwamba kiwiko chake kina adabu kumshinda yeye mwenyewe.

Watu walikizoea upesi. Abiria walikipenda kwa sababu kilitazama nyuma wakati Abeli akitazama mbele, na kilikumbuka majina ya watoto wao. Kanisani, mwalimu wa kwaya, Bartolomayo, alikipa nafasi kwenye besi, ingawa Abeli mwenyewe alikuwa ameshaombwa mara mbili asiimbe kwa nguvu. Mchungaji alikuwa na swali moja tu. Abeli alibatizwa utotoni kwa maji ya kipaji cha uso, na kiwiko hakikuguswa na tone hata moja. Mchungaji aliwaandikia wakubwa wake kuuliza kama kibatizwe, na jibu lilikuwa bado. Nyumbani kilikula ugali wa uwele kwa mlenda, na kwa kuwa mlenda ulivutika mpaka kwenye mkono wa koti, Devota alikishonea kitambaa cha shingoni. Shingo hakikuwa nayo, lakini kilishukuru.

Devota hakuwa na ugomvi na kiwiko. Ugomvi wake ulikuwa na kichwa kile kingine, cha juu, kilichokuwa kinazunguka mji mzima wazi kama sufuria iliyopoteza mfuniko. Kaka yake, Geofrey, naye alikuwa bodaboda. Alikuwa akitoka Buigiri, kofia ameitundika kwenye kioo cha pikipiki, alipokutana na trekta lisilo na taa. Siku ya kuanua tanga, ndugu walipogawana nguo za marehemu, kofia ile iliwekwa mkekani pamoja na mashati. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mjomba mmoja aliigeuzageuza, akasema bado ni kitu kizuri, akaichukua. Devota alimpenda Abeli kupita kiasi, na hakutaka kukaa kwenye mkeka wa namna hiyo mara ya pili.

Wiki ya tatu, Abeli alisimamishwa na trafiki kwenye njia ya kuingia Area D. Alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Sajenti Lydia, na alisifika kwa kutopindisha mambo.

"Kofia iko wapi?"

"Hii hapa, afande."

"Hiyo iko kiwikoni."

"Shikamoo, afande," sauti ilisema kutoka ndani ya kofia.

Sajenti Lydia aliitikia, akainua kioo cha kofia, akautazama uso uliokuwamo. Alitoa kitabu chake, akakirudisha, akakitoa tena. "Sheria inataka kofia ikae kichwani," alisema. "Lazima nijue kichwa cha dereva ni kipi." Akawauliza wote wawili maana ya alama tatu za barabarani. Kiwiko kilijibu zote. Abeli alijibu moja, na ile ya pili akaita uwanja wa mpira.

Sajenti Lydia aliandika kwamba dereva amevaa kofia. Kisha akamtazama Abeli usoni kwa huruma kidogo, akasema, "Na wewe wa juu ujitahidi siku nyingine," akawaruhusu waende.

Abeli alisimulia kisa hicho nyumbani huku akicheka hadi machozi. Devota hakucheka. Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, mumewe alisinzia kwenye kiti na mkono wa kushoto ukiwa juu ya egemeo. Kiwiko kilikuwa macho. Devota alisogeza kigoda.

"Shemeji, nikuulize kitu."

"Uliza, shemeji."

"Siku mkianguka itakuwaje?"

Kiwiko kilifikiri. Mdomo wake ulikuwa mpya, haujajifunza kudanganya. "Mimi nitapona," kilisema. "Yeye sina uhakika."

"Sasa si umwachie kofia?"

"Na mimi nibaki na nini, shemeji? Mfupa wangu wenyewe ndio huu. Na mtu akianguka, sisi viwiko ndio tunatangulia chini."

"Kimekaa humo miaka saba, Devo," Abeli alisema bila kufumbua macho. "Huwezi kumhamisha mtu nyumbani kwake."

Devota aliliona hilo kuwa ni tatizo la ushonaji. Kesho yake alinunua sponji ya godoro, akaomba kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa fundi viatu, akachukua gunia na mabaki ya kitenge chenye maua ya njano, akashona siku nzima. Sare za shule za watu zilisubiri. Alishona tabaka juu ya tabaka, akavunja sindano nne, na kufikia saa kumi na moja kiwiko kilikuwa na kofia yake chenyewe. Kilijitazama kwenye kioo, kikageuka kushoto, kikageuka kulia, kikasema inabana kidogo karibu na sikio lakini inapendeza.

"Basi ile ngumu sasa haina kazi kiwikoni," Devota alimwambia mumewe. "Utaivaa kichwani. Niapie."

Abeli aliapa mbele ya mke na mbele ya kiwiko. Asubuhi iliyofuata Devota alimfunga vifungo vya mgongoni, akamvisha kofia kichwani, akabana mkanda chini ya kidevu, akasimama mlangoni kumtazama mpaka alipokata kona kwenye mashine ya kusaga. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alirudi kwenye cherehani akiimba, na yeye si mwimbaji.

Mbele ya mashine ya kusaga, kama kiwiko kilivyokuja kueleza, kichwa cha Abeli kilianza kutoka jasho. Hakikuwa kimezoea kufunikwa. Kilivumilia hadi kwenye lami, kikavumilia abiria wa kwanza, kisha kikasema basi. Abeli aliivua kofia. Kwa kuwa kiwiko cha kushoto kilikuwa tayari kimevaa, aliitundika kwenye cha kulia.

Saa nne, kwenye mteremko, mbuzi watatu walivuka barabara, na wa nne akabadilisha mawazo katikati.

Habari aliileta Athuman, mwenyekiti wa kijiwe, Mrangi wa Kondoa asiyependa kuzungusha maneno. Alizima pikipiki mlangoni, akasimama.

"Shemeji, kaa kwanza. Abeli ameanguka, yuko hospitali. Viwiko vyote viwili ni vizima."

"Na kichwa?"

Athuman alitazama kandambili zake. "Viwiko ni vizima kabisa, shemeji. Hata kuchubuka."

Wodini Abeli alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa bendeji. Kiwiko cha kushoto kilikuwa juu ya shuka na kofia yake ya kitenge, kikisoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono. Devota alipoinama, Abeli alifumbua macho, akamwona, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kazini.

"Dada, unaelekea wapi?" aliuliza.

"Abeli, ni mimi."

"Sawa, lakini unaelekea wapi? Area D? Sabasaba?"

Kiwiko kilikohoa. "Bwana mkubwa, huyu si abiria. Huyu ni mkeo, Devota."

"Ahaa," Abeli alisema, akamtazama tena kwa makini. "Hongera yangu."

Daktari alieleza vizuri. Mengi yalikuwa yamesalia. Abeli alikumbuka njia zote za mji, mnyororo wa pikipiki uliohitaji kubadilishwa, hata rangi ya yule mbuzi wa nne. Kilichopotea ni kisehemu kidogo cha pembeni, kile kilichofika chini kwanza, na humo ndimo alimokuwa ameweka harusi, nyumba na mke. Huenda vitarudi, daktari alisema, na huenda visirudi. Kofia ingekuwa kichwani, aliongeza huku akiandika, tusingekuwa na haja ya kuzungumza.

Devota alilia palepale, bila kujificha kwa khanga. Mtu aliyemwita Devo alikuwa amelala mbele yake, anapumua, ana joto, na hayupo. Kiwiko kilisema pole mara tatu, na cha kulia, ambacho hakikuwa na mdomo bado, kilinyamaza.

Kijiwe kilikaa kikao siku ya pili. Ushahidi ulijadiliwa kwa utulivu na kila mtu alipewa nafasi ya kusema. Viwiko viwili vilifunikwa, viwiko viwili vilipona. Athuman alihitimisha kwamba hakuna ajali nyingine mjini iliyowahi kuthibitisha jambo kwa uwazi namna hiyo. Jioni walikuja kwa Devota wote kumi na mmoja, wakampa pole ya mgonjwa, wakaagiza kofia za kitenge za viwiko.

"Na vichwa?" Devota aliuliza.

"Vichwa vina joto, shemeji," Athuman alisema.

Devota alikasirika. Alishona kofia kumi na moja usiku na mchana, nene, imara, na zote alizikata kwa kipimo cha kichwa cha mtu mzima. Bodaboda walizipokea kwa shukrani, wakaondoka nazo. Kesho yake walizirudisha, zimekunjwa vizuri kwenye mfuko, wakamwomba kwa heshima azipunguze kwa sababu zinapwaya viwikoni.

Wiki ya saba baada ya ajali daktari aliruhusu Abeli arudi kazini. Nyumbani aliishi kama mpangaji mzuri. Alishukuru kwa kila sahani, aligonga mlango kabla ya kuingia chumbani, na kila asubuhi aliuliza kiwiko kwa sauti ya chini yule mama anayeshona anaitwa nani. Kiwiko kilimwambia, bila kuchoka. Wakati mwingine, akiwa anavikwa koti, aligeuka akamtazama Devota kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoegesha pikipiki, na Devota aliacha vifungo, akasubiri. Halafu aligeuka tena mbele.

Siku ya kwanza ya kazi Devota aliiweka kofia ngumu kichwani pa Abeli kwa mikono yake mwenyewe, juu ya kovu, akabana mkanda, akaujaribu kwa kidole. Abeli alishukuru sana. Alisukuma pikipiki hadi barabarani, akapanda, akafungua mkanda, akaivua kofia, akaivuta hadi kwenye kiwiko cha kulia, ambako vinywele laini vilikuwa vimeanza kuchomoza.

"Abeli!" Devota alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kichwani! Nakuomba, ivae kichwani!"

Abeli aligeuka, akamtazama kwa upole wote aliokuwa nao.

"Usiwe na wasiwasi, dada," alisema. "Nikimwona trafiki nitavaa."

"Devota," kiwiko kilimkumbusha.

"Nikimwona trafiki nitavaa, Devota," Abeli alisema, akapiga moto pikipiki.